Undugu ni hesabu, na kila jamii ina yake

Swali ninaloulizwa zaidi katika kazi yangu ya kuchunguza mifumo ya ukoo ni kwa nini mtaalamu wa jamii ajishughulishe na nani anamwita nani mjomba. Jibu langu halibadiliki. Jamii inapoamua nani ni ndugu, imeshaamua nani atalea yatima, nani atachangia fidia na nani atarithi shamba. Damu peke yake haiamui lolote katika hayo.

Kwa Waminangkabau wa kisiwa cha Sumatra, Indonesia, mtoto ni wa ukoo wa mama. Nyumba na mashamba ya ukoo hurithiwa na mabinti, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Ni Waislamu, na wamepatanisha sheria mbili: mali ya ukoo hufuata mila, ile mtu aliyoichuma mwenyewe kwa kawaida hufuata mirathi ya Kiislamu. Kwa Wanuer wa Sudan Kusini, mwanamume akifa bila mtoto, ndugu yake huweza kuoa kwa jina lake, na watoto wakahesabiwa kuwa wa marehemu.

Kwa maoni yangu, kanuni yenye nguvu kuliko zote ni ile inayosema: huyu humuoi. Kanisa la Magharibi, yaani Katoliki, la zama za kati lilikataza ndoa za ndugu hadi kizazi cha saba. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu huko Roma, ukashusha zuio hadi cha nne. Hata hapo, wenye babu wa babu mmoja hawakuruhusiwa kuoana. Ukoo haukuweza tena kubakiza mali ndani kwa kuozana binamu. Kijana alilazimika kutafuta mchumba kwa watu baki. Vizazi vikipita, watu baki hao huwa wakwe, washirika, wadhamini. Mwaka 2019 watafiti Jonathan Schulz, Joseph Henrich na wenzao walichapisha katika jarida la Science uchambuzi unaoonyesha kuwa maeneo yaliyokaa muda mrefu chini ya Kanisa hilo leo yana ukoo uliolegea zaidi, na watu wake huwaamini zaidi wasiowajua.

Naukubali mwelekeo wa hoja hiyo, ila siwakubali wanaoigeuza ngazi ya maendeleo. Ukoo ukilegea, lazima mwingine ashike zamu ya kumtunza mzee. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya uzee mwaka 1889, na mfuko ukaanza kubeba mzigo ambao kwingine ni wa watoto na wapwa.

Ndiyo maana huniuma ofisa anayempa mpwa wake kazi anapozungumzwa kana kwamba ni tamaa tu. Kosa ni kosa, na aliyestahili nafasi ile ameporwa. Lakini ofisa huyo anatii sheria ya kale kuliko ya ofisi yake: ndugu hao ndio waliomlipia karo, na ndio watakaomuuguza. Anayemtaka awakatae aseme pia, siku akilazwa hospitali bila mshahara, nani atalipa.