Hoteli ya ufukweni ikigeuka pagale, umwulize nani?

Malalamiko yanayotufikia kuhusu miradi ya hoteli za ufukweni iliyokwama Dar es Salaam hutofautiana kwa mengi, lakini karibu yote yana kauli moja: "Serikali inatuzungusha." Anayesema hivyo anaweza kuwa mzee wa Kigamboni ambaye minazi yake ilihesabiwa na fedha hazijaja, mvuvi wa Kunduchi aliyezibiwa njia ya kupandishia samaki, au fundi aliyeondoka saiti akidai ujira wake. Wote wana haki ya kukasirika. Tunachotaka kueleza hapa ni hasira hiyo ipelekwe wapi ili ipate jibu, kwa maana wapo wanaopoteza miaka wakigonga mlango ambao ndani yake hakuna hata karatasi moja inayowahusu.

Kutoaminiana huku kuna historia. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mpango ukamilike na fidia ilipwe. Miaka ikapita. Mtu ana familia inayoongezeka lakini haruhusiwi kuongeza chumba, akitaka kuuza hapati bei ya maana, na akienda benki kiwanja chake hakithaminiki kama dhamana. Ukaundwa wakala maalumu wa kuuendeleza mji huo, baadaye ukavunjwa. Aprili 2016 daraja likafunguliwa na Kigamboni ikawa wilaya inayojitegemea, ila mji ule wa kwenye michoro haukujengwa. Katika wilaya hiyohiyo liko eneo la Dege, mradi wa nyumba zaidi ya 7,000 ambao NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliuingia kwa ubia na kampuni binafsi. Ujenzi ulisimama mwaka 2016, na ukaguzi wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ulihoji bei ambayo ardhi ilipewa katika ubia huo. Fedha zilizoingia pale ni michango ya wafanyakazi.

Kwa hiyo linapopandishwa bango jipya lenye picha ya bwawa la kuogelea na miavuli ya makuti, watu wa Kigamboni, Mbweni au Bahari Beach hawalitazami kwa macho ya mgeni. Na mradi ukisimama, kiongozi akija mtaani na kusema tu kwamba mazungumzo na mwekezaji yanaendelea, hapo ndipo ubaya wenyewe unapoanza. Kwa maoni yetu, kosa kubwa la mamlaka zetu katika miradi ya namna hii ni kukaa kimya baada ya mradi kukwama. Mradi wa biashara unaweza kufa hata pale kila mtu alipotimiza wajibu wake. Lakini kumwacha mwananchi miaka mitano bila kumpa tarehe hata moja ni uamuzi wa mtu aliyeko ofisini, na unaweza kubadilishwa kesho asubuhi.

Jambo la kwanza la kulijua ni fedha zilizozama pale ni za nani. Kuna mradi ambao Serikali ilitoa ardhi na vibali tu, na mtaji wote ni wa mwekezaji pamoja na benki yake. Kuna mradi wa ubia, ambamo shirika la umma, mfuko wa hifadhi ya jamii au halmashauri imeweka fedha au ardhi yake. Na kuna hoteli za zamani za umma zilizobinafsishwa tangu miaka ya 1990, ambazo mnunuzi aliziingia kwa mkataba wa mauzo. Ukikuta hoteli ya aina hii ya tatu imeachwa ikaota majani, wa kuulizwa ni Msajili wa Hazina, ambaye ndiye anayesimamia utekelezaji wa mikataba ya ubinafsishaji. Kwenye ubia, mlango ni bodi ya shirika husika na ripoti ya CAG. Mwekezaji binafsi akiwa peke yake, CAG hana hesabu za kukagua kwake, na kumlaumu kwa kutozitaja ni kumwonea. Hapo kamba aliyoishika mwananchi ni hati ya ardhi.

Hati tuitazame kwa utulivu, maana ndiyo yenye nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anachopewa mwekezaji ni haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99, na haki hiyo huja na masharti. Asiye raia hupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Sharti la kawaida kwenye hati za mjini ni kukamilisha ujenzi ndani ya miezi 36. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema pia kwamba ardhi iliyotelekezwa kwa muda usiopungua miaka miwili ni sababu tosha ya kufuta haki hiyo. Utaratibu wake uko wazi: Kamishna wa Ardhi hutoa notisi ya ukiukaji wa sharti, anaweza kutoza faini au kuagiza marekebisho, na yasipofanyika anapendekeza kwa Rais hati ifutwe. Notisi ya ufutaji huanza kufanya kazi siku 90 baada ya mwenye hati kuipokea.

Mkutanoni utasikia watu wakipiga kelele: "Basi afutiwe leo!" Tunaielewa kiu hiyo, lakini wanaoshauri hivyo wanapaswa kueleza na sehemu ya pili. Hati ikifutwa, sheria inatambua maendelezo halali yaliyofanywa juu ya ardhi ile, na thamani yake huingia kwenye hesabu ya fidia. Kama hati ilikuwa imewekwa rehani, benki nayo itakuja mezani na madai yake. Na mwekezaji akitoka katika nchi yenye mkataba wa kulinda uwekezaji na Tanzania, anaweza kwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Hapa jirani, Bagamoyo, hati ya eneo la mradi wa sukari wa mwekezaji kutoka Sweden ilifutwa mwaka 2016. Shauri lilikwenda kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa. Deni la namna hiyo hulipwa na mlipakodi, akiwemo yule aliyekuwa akidai hati ifutwe leo.

Fundisho tunalolipata pale ni kwamba kila hatua ifuatwe kwa maandishi na kwa wakati wake. Notisi ya mwaka wa nne iliyoandikwa vizuri, ikitaja sharti lililovunjwa na muda uliotolewa, inampa mwekezaji nafasi ya kujitetea na inaipa Serikali ngao mbele ya mahakama yoyote. Tamko la jukwaani halifanyi kazi hiyo. Ndiyo maana swali zuri kwa ofisi ya ardhi ni fupi: je, notisi ya ukiukaji imeshatolewa, na lini? Kama mradi umesimama miaka sita na hakuna notisi hata moja, umempata anayepaswa kujieleza.

Lipo na suala la mkopo. Kwa marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2018, anayeweka rehani ardhi isiyoendelezwa anatakiwa kuzielekeza fedha za mkopo kwenye kuiendeleza ardhi hiyohiyo, na kumpelekea Kamishna taarifa ya namna zilivyotumika. Sharti hili liliwekwa kwa sababu nzuri. Walikuwapo wenye kuchukua ekari za ufukweni, wakazikopea, wakasimamisha nguzo chache za kuonyesha, fedha zikaenda kwingine. Ukitaka kujua kama hati ina rehani, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa hati. Ni huduma ya kawaida, yenye ada, na haihitaji kufahamiana na mtu. Mmiliki akiwa kampuni, BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, inatoa taarifa za wakurugenzi na wanahisa wake.

Sasa wale waliohamishwa, au wanaosubiri kuhamishwa. Fidia kamili haiishii kwenye bei ya ardhi na nyumba. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayolingana na kodi ya miezi 36, na kwa mwenye biashara, faida anayoikosa kwa miezi 36. Mama mwenye banda la kukaangia samaki aliyeondoka na hela ya mabati peke yake amepunjwa, ikiwa biashara yake ilistahili kuhesabiwa na haikuhesabiwa. Malipo yanapaswa kufanyika ndani ya miezi 6. Yakichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Na chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016, uthamini ulioidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali unapoteza nguvu miaka miwili ikipita bila malipo, hivyo lazima urudiwe kwa bei za wakati huo. Shika neno hilo. Wapo wanaoletewa hundi ya bei za zamani wakaambiwa wasaini au waikose kabisa. Kabla hujasaini, omba nakala ya jedwali la uthamini lenye jina lako na tarehe ya kuidhinishwa.

Bahari yenyewe ina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni, na mradi wa hoteli ya namna hii hautakiwi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na katika tathmini hiyo wananchi wa eneo wanapaswa kusikilizwa. Mikoko ni msitu wa hifadhi. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimekuwa hifadhi ya bahari tangu 1975. Kwa wavuvi, ramani ya upimaji ndiyo inayoonyesha kiwanja kinaishia wapi na njia ya umma kwenda baharini imeachwa wapi. Uzio unaovuka mpaka huo unaweza kupingwa hata kama umekaa miaka kumi.

Pagale la ufukweni pia haliko kama pagale la Tabata, mbali na bahari. Ukuta wa kuzuia mawimbi ulioachwa nusu hugeuza mwendo wa maji, na mchanga unaoondoka huondoka kwa jirani. Pwani ya Kunduchi imeliwa sana na bahari kwa miongo mingi, na uchimbaji wa mchanga kwenye vijito vinavyoilisha pwani hiyo umechangia. Hoteli ya Africana iliachwa kwa sababu ya mmomonyoko huo, na jina lake leo limebaki kituo cha daladala. Kwa hiyo mradi ukisimama, NEMC inapaswa kuulizwa nani anawajibika kulinda ufukwe katika kipindi ambacho hakuna mkandarasi. Masharti ya cheti cha mazingira hayalali kwa sababu mwenye mradi ameishiwa.

Kuna utetezi mmoja unaorudiwa mno nao ni wa korona. Ni kweli, watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, na hakuna hoteli ambayo haikuumia. Lakini mwaka 2023 walifika 1,808,205 na mwaka 2024 wakapita milioni 2. Mradi ambao bado unataja korona leo una tatizo lingine. Mara nyingi tatizo liko kwenye upembuzi yakinifu wenyewe: wageni wengi wanapita Dar es Salaam wakielekea Serengeti au Zanzibar, na vyumba vya jiji hili vinajazwa zaidi na mikutano na safari za kikazi. Anayekuja na hesabu ya vitanda 500 vya mapumziko Kigamboni aulizwe mapema sana mgeni wake atatoka wapi, maji yatatoka wapi, na mkopo wa dola ataulipa vipi msimu wa masika. Maswali hayo yalipaswa kuulizwa na waliotoa kibali. Kama hawakuuliza, wajue kwamba wananchi wanaruhusiwa kuyauliza sasa.

Njia ya kuuliza ipo kisheria. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba taarifa iliyoko kwenye mamlaka ya umma, na anapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Zipo taarifa zinazozuiliwa, zikiwemo siri za kibiashara, ila masharti ya hati, tarehe ya notisi na jedwali la fidia yako mwenyewe si siri ya biashara ya mtu. Ukinyimwa, una haki ya kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi hiyo. Sambamba na hilo, mkutano wa baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka na uko wazi kwa wananchi. Diwani wako anaweza kupeleka swali la maandishi, likaingia kwenye muhtasari. Ripoti za CAG hukabidhiwa kwa Rais kufikia mwisho wa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili. Kama mradi wenu ni wa ubia, huo ndio wakati wa kumkumba mbunge kwa maswali, kabla kamati za Bunge hazijaanza kuwaita watendaji.

Barua isiwe ya kulalamika. Iwe na jina la mradi, namba ya kitalu na kiwanja kama mnayo, jina la mtaa na kata, kisha maswali yasiyozidi manne, kila moja likielekezwa kwa ofisi yenye karatasi yake. Ya ofisi ya ardhi isichanganywe na ya NEMC. Saini za wakazi ziambatishwe kwenye ukurasa wa pili, na nakala apewe mwenyekiti wa serikali ya mtaa na diwani. Ipelekeni kwa mkono masjala, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.