Mwimbaji asimame pasipo na spika

Juzi niliitwa Chumbageni, hapa Tanga. Mama mwenye nyumba alinunua sabufa mpya, akaniambia, "Fundi, inapiga kelele tu, haina utamu." Sikugusa rimoti. Spika zote mbili zilikuwa zimebanana juu ya kabati la televisheni.

Mtu akikuita kutoka kulia, sauti hutangulia kwenye sikio la kulia. La kushoto huipata baadaye, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena ikiwa imefifia kwa sababu kichwa kimeikinga. Kwa tofauti hiyo ndogo ubongo hujua pa kugeukia. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliijenga stereo yake, yaani sauti ya spika mbili, juu ya jambo hilo, akaiombea hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1931. Spika mbili zikitoa sauti ileile kwa nguvu ileile, nawe umekaa katikati yake, utaisikia ikitoka mahali patupu. Mimi hufanya kazi hii kwa ajili ya mahali hapo patupu.

Nilizishusha, nikaziachanisha mita 2, nikavuta kochi hadi likawa mita 2 kutoka kila spika, twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zikiwa usawa wa masikio.

Bado sauti ilikuwa imetawanyika, na besi nyepesi kama karatasi. Nyaya! Spika moja ilifungwa nyekundu kwenye nyeusi, hivyo koni yake, ule utando unaotikisika, ilirudi nyuma wakati ya mwenzake inasukuma mbele, na besi zikauana hewani. Kosa hili nalikuta mara nyingi mno, na kulirekebisha hakuhitaji hata senti.

Kisha chumba. Vigae chini, kuta tupu. Nilipopiga kofi, liliendelea kulia. Sauti iliyogonga ukuta wa pembeni hufika baada ya ile ya moja kwa moja, ubongo ukaziunganisha, lakini picha ya nani yuko wapi ikachafuka. Tulitandika zulia mbele ya kochi na kushusha mapazia mazito.

Nikaweka taarabu. Fidla zikakaa kushoto, ganuni kulia, mwimbaji katikati. Mama akanyoosha kidole: "Pale umeficha spika nyingine?"

Akataka na wimbo wa ujana wake. Huo ulirekodiwa mono, yaani sauti ileile kwa spika zote mbili, kwa hiyo wanamuziki wote walisimama katikati, pamoja na ngoma zao. Kitufe cha sabufa cha kuutanua wimbo kushoto na kulia nilimwomba asikiguse, maana kinamvuruga mwimbaji.