Mzigo wa msingi: umeme unaotumika shule ikiwa imefungwa

Kengele ya mwisho imelia, madarasa yamefungwa, amebaki mlinzi tu. Nenda kwenye mita ya umeme saa hiyo, utaikuta bado inahesabu. Kiasi hicho cha umeme kinachoendelea kutumika hata jengo likiwa tupu ndicho huitwa mzigo wa msingi. (Mafundi wa gridi nao wanalo neno hili, kwao ni kiwango ambacho mahitaji ya umeme ya mtandao mzima hayashuki chini yake.)

Wanafunzi hukumbushwa kila siku kuzima taa wakitoka darasani, na ni vizuri. Ila mwaka una saa 8,760. Shule inayofundisha siku 190, saa 8 kwa siku, hutumia saa 1,520 tu. Saa 7,240 zilizobaki ni za usiku, mwisho wa wiki na likizo. Feni ya wati 75 ikizunguka saa zote za masomo itakula uniti 114 kwa mwaka (uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kWh 1). Mashine ya maji ya moto na baridi iliyoachwa imewaka mwaka mzima, kwa wastani wa wati 100, itakula 876. Kimashine kimoja kwenye kona ya ofisi ya walimu kinakaribia feni nane, na hakuna anayekitazama mara mbili.

Kuupima mzigo wa msingi ni rahisi. Soma mita Ijumaa saa 11 jioni, isome tena Jumatatu saa 1 asubuhi. Hapo zimepita saa 62. Tuseme zimetumika uniti 93: gawanya kwa 62, unapata kilowati 1.5. Zidisha kwa zile saa 7,240, ni uniti 10,860 kwa mwaka.

Si zote za kupotea. Friji ya maabara ina kazi yake, taa za ulinzi na kamera pia, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lengo ni sifuri. Kinachotafutwa ni kile kisicho na sababu ya kuwaka: kompyuta zilizolala bila kuzimwa, fotokopi, friji ya ofisini yenye chupa moja ya maji wakati wa likizo. Vingine havionekani kwa haraka. Boya la choo likichakaa, maji huchuruzika usiku kucha, tangi hupungua, na pampu hujiwasha yenyewe saa 8 usiku. Hapo shule inalipia maji na umeme kwa kosa moja. Taa ya nje ikiwaka mchana kweupe, huenda sensa yake, kile kifaa kinachohisi mwanga, imefunikwa na vumbi ikadhani giza limeingia.

Usipojua pa kuanzia, itazame mita yenyewe. Nyingi za kidijitali zina kitaa chekundu kinachometameta. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, basi mimeto 1,000 ni uniti moja, na mzigo wa kilowati 1.5 utatoa mimeto 25 kwa dakika. Jioni, watu wakishaondoka, fundi azime swichi moja moja kwenye bodi ya umeme huku mwenzake akihesabu. Swichi ikishuka na kitaa kikapunguza kasi ghafla, mmeshajua chumba cha kwenda kukagua.