Kiopoo cha kizibo: kifaa cha kutoa kizibo kilichotumbukia chupani

Kiopoo cha kizibo ni kifaa chembamba cha waya kinachopitishwa kwenye shingo ya chupa ili kukamata kizibo cha gome la mti, kama kile cha chupa ya waini, kilichotumbukia ndani na kukitoa bila kuvunja chupa. Huwa ni waya tatu au nne ndefu, zimeshikana juu kwenye mpini mmoja na chini zimeachana. Ncha ya kila waya imepindwa kuelekea ndani, ikawa kijidoano. Vingine vina pete inayoteleza juu ya waya hizo: ukiishusha, waya zinabanana, ukiipandisha, zinatanuka. Basi. Hakina gia wala springi, na hakina kazi nyingine yoyote duniani.

Aliyewahi kuona ndoo ikikatika kamba kisimani anakifahamu kifaa hiki hata kama hajawahi kukiona. Kile chuma chenye kulabu kinachofungwa kwenye kamba na kuzungushwa chini mpaka kinase mshikio wa ndoo ni ndugu yake mkubwa. Tofauti ni kwamba mdomo wa kisima ni mpana kuliko ndoo, ilhali mdomo wa chupa ni mwembamba kuliko kizibo. Ugumu wote wa shughuli hii umekaa hapo.

Kisichanganywe na kizibuo. Kizibuo, kile cha skrubu iliyojisokota, kinafanya kazi kizibo kikiwa bado shingoni. Asili yake ni chombo cha wanajeshi wa zamani cha kutolea risasi na baruti zilizokwama kwenye mtutu wa bunduki, na hataza (hati ya kulinda haki ya mvumbuzi) ya kwanza ya kizibuo ilitolewa Uingereza mwaka 1795 kwa kasisi mmoja aitwaye Samuel Henshall. Kipo pia kile cha bapa mbili za chuma zinazopenyezwa kati ya kizibo na kioo, moja huku na nyingine kule, halafu unazungusha huku ukivuta. Hicho nacho ni cha kizibo kilichoko shingoni, na mtu mwenye haraka akikitumia ndicho kinachomsukumia kizibo ndani. Kiopoo kinaitwa baada ya hao wote kushindwa.

Kwa Dar es Salaam, sababu kubwa ya kizibo kuishia ndani haihitaji utafiti. Nyumba nyingi zina opena ya soda na bia, na isipokuwepo kuna kijiko, kiberiti cha gesi, hata jino la mjomba. Kizibuo cha skrubu ni wachache wanacho. Sasa mgeni amekuja na chupa ya waini ya Dodoma, watu wamekaa, glasi zimepangwa, na hakuna cha kufungulia. Atatokea mmoja tu wa kusema, "Lete mwiko." Mpini wa mwiko unawekwa juu ya kizibo, kiganja kinashuka, na kizibo kinazama shingoni. Kama chupa imejaa, hewa iliyo kati ya kizibo na kinywaji ni kidogo sana na haina pa kukimbilia, kwa hiyo inabanwa mpaka kizibo kinapoachia ghafla na waini kuruka hadi kwenye shati la aliyesukuma. Anayelazimika kufungua hivyo afunike mkono na mdomo wa chupa kwa taulo, asukume taratibu.

Sababu ya pili ni joto letu. Chupa iliyosimamishwa kabatini miezi mingi haiulowanishi upande wa chini wa kizibo chake. Kizibo kinakauka, kinasinyaa, kinakuwa cha kumong'onyoka. Skrubu ikiingia inachimba shimo tu, na nguvu ya kubonyeza inakishusha kizibo badala ya kukipandisha. Ndiyo maana chupa zenye vizibo vya aina hii hulazwa.

Kizibo kilichoanguka ndani hakiharibu kinywaji. Kilikuwa kinagusana na waini hiyohiyo tangu siku ilipofungwa kiwandani. Kinachosumbua ni chengachenga, na hizo dawa yake ni chujio la chai. Kwa hiyo mtu asianze kuhangaika na waya mbele ya wageni: kinywaji kimiminwe, kijiti cha mshikaki kikizuia kizibo kisije kuziba njia, na mambo ya kuopoa yasubiri chupa iwe tupu. Kiopoo kiko kwa ajili ya chupa. Mwenye chupa asiyoihitaji tena hana haja nacho hata kidogo.

Swali ambalo watu huliuliza ni hili: kama kimeingia kwa kupita mlango uleule, kwa nini kisitoke?

Kizibo cha waini cha kawaida kina upana wa milimita 24 hivi. Shingo ya chupa kwa ndani ina milimita 18 na kitu. Kiwandani mashine hukibana kizibo pande zote kwa pamoja na kukisukuma ndani kabla hakijawahi kutanuka. Kinakaa humo kimejibana, kikisukumana na kioo usiku na mchana, na ndiyo sababu hakivuji. Kinaweza kufanya hivyo kwa sababu ya mahali kinapotoka: ni gome la aina ya mwaloni unaoota Ureno, Hispania na nchi nyingine za ukanda wa Mediterania. Mti huo huachwa kama miaka 25 kabla ya kubanduliwa gome mara ya kwanza, na Ureno, ambako ndiko linakotoka karibu nusu ya gome lote la namna hii, sheria inataka miaka 9 ipite kati ya mbanduo mmoja na mwingine. Gome lenyewe ni vyumba vidogo mno vilivyojaa hewa. Robert Hooke aliviona kwa hadubini mwaka 1665 na kuviita seli, jina ambalo wanafunzi wa baiolojia wanalo mpaka leo. Ukikibana kizibo ubavuni, hewa ndani ya vyumba hivyo ndiyo inayobanwa, na kizibo hakirefuki kwenda juu kama ambavyo mpira ungefanya. Ukikiachia, kinarudi.

Basi kizibo kikishatoka shingoni na kuingia tumboni mwa chupa, kinarudia unene wake. Sasa kina milimita 24, au karibu na hapo, na mlango ni uleule wa 18. Zaidi ya hapo kimelala. Ukigeuza chupa kichwa chini, kinakuja mpaka kwenye mabega na kukaa kimshazari, na urefu wake wa sentimita 4 na nusu hivi hauwezi kupita popote. Tikisa utakavyo.

Lakini sababu inayosahaulika ni ya tatu, nami naona ndiyo kubwa. Wakati wa kuingia, kizibo kilikuwa na mkono nyuma yake. Mpini wa mwiko ulikisukuma kwa uzito wa bega zima. Wakati wa kutoka, nyuma yake hakuna kitu, na mbele yake hakuna pa kushika. Kiopoo kinachofanya ni kupeleka vidole nyuma ya kizibo.

Tazama kinavyofanya kazi kwa karibu. Waya zinaingizwa zikiwa zimebanwa pamoja. Zikivuka shingo zinaachana zenyewe kwa ukakamavu wa chuma. Chupa inainamishwa na kutikiswa kidogo mpaka kizibo kiangukie katikati ya waya. Ukianza kuvuta, waya zinarudi shingoni na kulazimika kusogeleana, na kusogeleana huko kunakigeuza kizibo taratibu: kilichokuwa kimshazari kinanyooka, kichwa kinaelekea mlangoni. Vile vijidoano vinakamata mkia wake. Hapo unavuta moja kwa moja, bila kushtua, huku mkono wa pili umeshika shingo. Kizibo kinaanza kubanwa na mdomo wa shingo kama kilivyobanwa na mashine siku ya kwanza, na kinakuja. Wanaoshindwa karibu wote wanavuta kabla hakijanyooka. Waya zinachomoka peke yake, au zinang'oa kipande cha ubavu wa kizibo na kukiacha kingine kikielea.

Zamani kifaa hiki kilikuwa na heshima yake. Chupa ilikuwa mali. Zilipulizwa kwa mdomo, zikaoshwa, zikajazwa tena, kwa wauza dawa, watengeneza bia na wafanyabiashara wa waini, na chupa iliyorudi na kizibo tumboni ilikuwa hasara mpaka kitolewe. Kisha mwaka 1892 William Painter wa Baltimore, Marekani, akapata hataza ya kifuniko cha bati chenye meno, hikihiki cha soda na bia. Kifuniko hicho hakina namna ya kutumbukia. Kreti za chupa tupu zinazorudi dukani leo, zile ambazo bila kuacha chupa muuzaji hakupi soda ya kuondoka nayo, zinarudi zikiwa wazi ndani kwa sababu yake. Baadaye vikaja vifuniko vya kuzungusha. Kiopoo kikakosa kazi, na sasa kinaonekana zaidi kwenye mikusanyo ya vitu vya kale kuliko jikoni.

Ila Dar chupa bado ni mali kwa baadhi ya watu. Anayepakia asali iliyoshuka kutoka Tabora au Singida, anayekamua mafuta ya nazi nyumbani, anayesaga pilipili ya kuuza kwa jirani, wote wanatafuta chupa za kioo zilizotumika. Chupa ya waini ni nzuri, nene, inasimama vizuri mezani. Mnunuzi wa chupa akiinyanyua juu kwenye mwanga na kuona kivuli kinagongagonga ndani, jibu ni moja: "Dada, hii siichukui." Hapo ndipo mtu anapotafuta njia.

Ukienda Kariakoo kuulizia kiopoo cha kizibo utapewa kizibuo, na muuzaji atakuapia kuwa ndicho. Njia za nyumbani zipo, na zinafuata kanuni ileile ya kupeleka kitu nyuma ya kizibo.

Iliyo maarufu ni ya mfuko. Mfuko laini wa plastiki unasokotwa na kuingizwa chupani, mdomo wake ukibaki nje. Chupa inageuzwa mpaka kizibo kilale kati ya mfuko na kioo, kimenyooka kuelekea shingoni, halafu unaupuliza mfuko kwa mdomo. Unajaa, unakizunguka kizibo na kuketi nyuma yake, na ukiuvuta unakuja nacho. Mifuko ya Rambo ilikuwa inafaa kabisa kwa kazi hii, lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na hii ya kitambaa iliyochukua nafasi yake haishiki hewa. Mfuko wa mkate, usiotoboka, unafanya.

Kitambaa nacho kinaweza: leso ya mkononi au kipande chembamba cha kanga iliyochakaa, ambayo ni laini kuliko mpya. Kiingize chote isipokuwa pembe moja, geuza chupa kizibo kilale juu yake, vuta polepole. Kikifika shingoni kitagoma kidogo. Usiache kuvuta na usishtue. Tone la sabuni ya maji kwenye shingo linasaidia. Wengine hutumia katani iliyokunjwa mara mbili ili kitanzi kikae nyuma ya kizibo. Inawezekana, ila kitanzi huteleza sana, na mimi ningeanza na kitambaa.

Na anayetaka kifaa chenyewe aende kwa fundi baiskeli. Spoki ni kama imetengenezwa kwa jambo hili: ni nyembamba, milimita 2 hivi, ina ukakamavu wa kurudi ilipokuwa baada ya kubanwa, na upande mmoja kichwa chake kimeshapindwa tayari. Tatu zinatosha. Vichwa vyote vielekezwe ndani, miisho ya pili ifungwe kwa nguvu kwenye kipande cha mti. Bending waya ya wajenzi haifai, kwani ikibanwa shingoni inabaki imebanwa, haifunguki tena ikifika ndani. Wala usijali kwamba spoki haifiki chini kabisa ya chupa ya waini. Chupa ikigeuzwa, kizibo chenyewe kitakufuata mabegani.

Kizibo cha plastiki kinachoiga gome hutoka kwa njia hizi pia, kwa jasho zaidi kidogo, maana kinateleza kwenye vijidoano. Gunzi la mahindi, ambalo bado linaziba chupa nyingi za asali na mafuta ya taa, halihitaji kiopoo. Jaza maji ya moto kiasi, liache lilowe hadi kesho yake, kisha livunjevunje kwa kijiti na kulimwaga vipande vipande.

Kama chupa inakwenda kwenye asali, ioshe na uiache kichwa chini mpaka ikauke kabisa, hata ikichukua siku mbili kwa unyevu wa Dar. Asali ikizidi maji kama asilimia 20 huanza kuchachuka, na matone yaliyobaki kwenye chupa ni sehemu ya hayo maji.