Kulala mu jeep: vile watu wanasemaga kuhusu kitanda na tirwari, na vile iko kweli

Hapa Goma watu wengi sasa wanatengenezesha kitanda ndani ya gari. Wale wa chanjo, wale wa ma ONG wenye wanakaaga porini siku tatu nne, wafanyabiashara wa njia ya Minova, na hata familia za kawaida tu. Tangu 2021 hamu iliongezeka, juu volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji iliambiwa ihame, barabara ya Sake ilijaa na usiku ukakuta wengine wamekaa wima ndani ya gari mpaka asubuhi, watoto kwa magoti, mizigo imerundikwa mpaka kwa dari.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unaweka fremu, mbao juu, tirwari chini, matela, basi. Lakini kuna maneno yanazunguka kwa magaraji na kwa mafundi mbao, kila mtu anayarudia, na mengine yanaweza kuua mtu. Mimi naona kosa kubwa ni moja: watu wanafikiria nguvu ya kitanda iko mu unene, wakati kwa gari nguvu iko mu namna ya kuunga na namna ya kufunga.

"Mbao ikiwa nene njo inakuwa na nguvu"

Hii utaisikia kwa kila atelie. Unamwambia fundi unataka kitanda na tirwari mbili, papo hapo anakutajia kontreplake ya milimita 18 na chuma ya 40 kwa 40 chini yake, juu amezoea kufanya makabati ya nyumba na kabati ikishawekwa haihami tena. Gari inahama, na kila kilo unaongeza unaibeba kila siku, kwa mlima, kwa mawe, kwa freni.

Tufanye hesabu. Kontreplake nzima ya sentimita 244 kwa 122 yenye unene wa milimita 18 inapima kama kilo 27 mpaka 37, kulingana na aina ya mti. Ile ya 12 inapima kilo 18 mpaka 25. Kitanda na tirwari vinaweza kula kontreplake tatu, kwa hiyo ukichagua ya 18 pahali ya 12 umeongeza karibu kilo 30 za bure. Chuma nayo ni vile vile: ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 3 inapima kilo 3 na nusu hivi kwa kila mita, ya 25 kwa 25 yenye unene wa 1,5 ni kilo moja na kidogo. Ukitumia mita 12, moja itakupa kilo 42, ingine kilo 13.

Sasa utaniuliza, ya 12 haitapinda? Itapinda kama umeiacha bila kitu chini. Kutoka 12 kwenda 18 ugumu wa mbao unaongezeka kama mara tatu na kitu, lakini ukiweka mguu mmoja katikati, ukakata umbali nusu, ile mbao inapinda mara nane kidogo kuliko mbele. Mguu mmoja! Na kuta za tirwari zenyewe ni miguu, ukizipanga vizuri hauhitaji chuma mingi. Mtu amelala anatawanya uzito wake juu ya matela yote, mwenye anasumbua mbao ni ule mwenye anapanda na goti moja kwa kona, basi kona njo ya kukaza.

Na kabla ya kununua hata musumari moja, angalia uzito gari yako inaruhusiwa kubeba. Hiyo namba inahesabu kila kitu, watu pia. Tuseme gari inaruhusiwa kilo 600. Watu wanne wazima wanakula 300, bido mbili za maji kilo 40, bido mbili za mazutu karibu 35, hapo haujaweka chakula, vyombo, pine ya pili, mizigo ya kazi. Kitanda cha kilo 120 kinaingia wapi? Malame ya nyuma yanalala, mbele inakuwa nyepesi, volan inakuwa kama haishiki barabara, na shofere anafikiri amortisere zimekufa, anabadilisha, anarudi kulia tena.

Halafu kuna ile ya mbao ya mkaratusi yenye imetoka kukatwa. Ni rahisi, inapatikana kila pahali, chukudu zetu, zile trotineti za mbao za kubebea mizigo, zimetengenezwa nayo na zinabeba mizigo ya kutisha, basi watu wanasema itashindwa aje kubeba matela? Si swala la kushindwa. Mkaratusi mubichi uko na maji mingi, ukikauka ndani ya gari unajikunja na unapungua, na visi zinabaki zinacheza. Nilifunuliwa kitanda kimoja cha namna hiyo: matundu ya visi yamekuwa mapana unaingiza kichwa cha kalamu, unga wa mbao umejaa chini ya kila kona, na tirwari ya kushoto haifunguki tena juu ukuta wake umejipinda. Kama ni mkaratusi uwe umekauka kabisa. Na MDF, ile mbao ya unga wa miti uliogandishwa, iache, ni nzito na ikikutana na maji inavimba haiwezi kurudi, na kwa mji wenye mvua kama huu maji yatafika tu, hata kwa viatu.

"Ni nzito, haiwezi kutoka pahali yake"

Hapa ndugu zangu naomba musome polepole.

Gari inaenda 50 kwa saa, inagonga lori, inasimama ndani ya nusu mita. Kwa ile dakika ndogo kabisa kila kitu kinasukuma mbele kama kimekuwa kizito mara 20. Kitanda na mzigo wake vya kilo 100 vinasukuma kama tani mbili, na mbele yake kuna mgongo wa shofere. Uzito wenye ulikuwa unafikiri utaishikilia njo unakuja kukugonga. Visi za mbao zimeingia mu sakafu haziwezi kusimamisha hiyo, juu sakafu ya gari ni bati ya milimita moja hivi, visi inachomoka nayo.

Kamba je? Kamba ni ya kushika sanduku lisitembee, haishiki kitanda.

Kitanda kinafungwa na bulo, na bulo zinaenda kwa matundu yenye gari ilikuja nayo: pale viti vya nyuma vilikuwa vimefungwa, pale mikanda imeshika, pale kuna pete za kufungia mzigo. Hizo sehemu kiwanda kimeziongezea chuma chini. Bulo ya milimita 8 yenye imeandikwa 8.8 kwa kichwa (ni alama ya nguvu yake) inavumilia zaidi ya tani mbili kabla ya kuanza kuvutika, kwa hiyo nne zikikaa vizuri uko sawa, shida haitakuwa bulo, itakuwa bati. Kama ni lazima utoboe tundu mpya, weka chini ya gari bamba la chuma la sentimita 8 kwa 8 hivi, unene wa milimita 3, usitegemee rondele ndogo. Na mbele ya kutoboa ingia chini ya gari uangalie na macho yako, juu kwa jeep nyingi tanki ya mazutu na mabomba ya freni vinapita pale pale chini ya sakafu.

Tena weka wavu nyuma ya viti vya mbele. Kitanda kinaweza kubaki, lakini sufuria na sanduku la vyombo juu yake vitaruka.

Kutoka hapo naunganisha na ile tabia ya kusema "siku ya kawaida tutaketisha watoto pale juu". Hapana. Gari ikitembea, hakuna mtu juu ya kitanda. Hakuna mkanda, kichwa kiko karibu na dari, na njia zetu munazijua, gari inaweza kulala ubavu hata kama inaenda polepole. Ukihitaji viti, tengeneza kitanda cha nusu, upande mmoja, uache kiti kimoja na mkanda wake.

"Bila Land Cruiser ndefu hauwezi"

Si kweli. Pima kutoka mulango wa nyuma mpaka kwa mgongo wa kiti cha mbele kikisukumwa mbele kabisa, pima kwa kimo cha matela, si kwa sakafu, juu viti vinalala nyuma na vinakula nafasi. Kama inakosa sentimita 30, unaweka kipande cha mbao chenye sharnyere kinakunjuka usiku na mguu wake. Prado inaingia mtu wa kawaida namna hiyo, na magari madogo zaidi watu wanalala kimshazari.

Kimo njo kinasumbua zaidi na watu hawakipimi. Mtu mzima akiketi anahitaji kama sentimita 85 mpaka 95 kutoka makalio mpaka kichwa. Kama dari iko mita 1,10 kutoka sakafu na umeweka kitanda cha 40 na matela ya 8, hauketi tena, unavaa suruali umelala. Basi usianze na kimo cha kitanda, anza na kimo cha vitu vyenye vitakaa chini. Kwa wengi sentimita 25 inatosha. Bido ya lita 20 haitaingia imesimama, na haifai kulazwa juu itavuja, itafutie pahali ingine, chini, mbele ya ekseli ya nyuma.

Kuhusu tirwari, watu wanaamini bila reli za Dubai haiwezekani. Reli ndogo za kabati la jiko hazikufanywa kwa mzigo wa sufuria na zana, na mavumbi yetu meusi ya volkano yakiingia mu mipira yake midogo ya chuma zinakwama. Mbao juu ya mbao, imepakwa mshumaa, inateleza miaka. Ama sanduku tu zinasukumwa juu ya kapeti. Chenye hakina mjadala ni kufuli, juu kwa mpando tirwari yenye kilo 30 inajifungua yenyewe na inasukuma mulango.

"Funga vioo, washa mbabula kidogo, utalala vizuri"

Goma iko juu, karibu mita 1500, usiku kuna baridi, naelewa. Lakini makala ndani ya gari ni kifo. Gesi yake haina harufu na haina rangi, na makala yenye imeshika vizuri bila moshi ingali inaitoa, hata majivu ya moto. Kufungua kioo kidogo hakuokoi. Tafuta blanketi nzito, kofia, soksi. Vioo viwili uviache wazi kidogo kila usiku hata bila mbabula, juu pumzi ya watu wawili inageuka maji kwa vioo na inashuka mu matela, kisha wiki chache chini yake kunaota ukungu. Toboa matundu mapana kwa mbao ya kitanda ipate hewa, na inapunguza uzito pia.

Chupa ya gesi ya kupikia isilale ndani ya tirwari. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujaa pale chini, na cheche moja ya waya inatosha. Usiku itoke nje. Na waya wa batri ya pili uwe na fyuzi yake karibu kabisa na batri.

Sasa mazuku. Nimesikia watu wanasema: "kitanda kiko juu, mazuku inakaa chini, haitanifikia." Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi yenye inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inajaza mashimo na mabonde madogo kando ya ziwa na upande wa njia ya Sake. Shimo likiwa la kina, gesi inapita kimo cha kitanda chako bila shida. Usiku bila upepo inajikusanya, asubuhi jua na upepo vinaitawanya, njo maana mchana unaona pahali ni pazuri kabisa, majani mabichi, kimya. Kufunga vioo haisaidii, gari inavuta hewa kwa matundu mengi. Usiegeshe usiku mu shimo. Tafuta pahali pameinuka na upepo unapita, angalia kama hakuna ndege ao mbuzi amekufa hapo karibu, na uliza wenyeji, wao wanajua mashimo yao moja moja. Hii hata fremu nzuri kuliko zote haiwezi kukulinda nayo.

Mbele ya kubandika kapeti ya mwisho, pakia gari yote kama ya safari halafu jaribu kutoa jeki na ufunguo wa pine. Kwa magari mengi pine ya akiba inashushwa kupitia tundu la nyuma, na nimeona vitanda vizuri sana vyenye vimefunika hilo tundu, mtu anapata panshari na lazima afungue bulo sita barabarani. Kisha safari ya kwanza ya mawe kaza bulo zote tena, tumia ekru zenye zina nailoni ndani, na upige mstari wa rangi kutoka ekru mpaka kwa chuma. Siku utakuta mstari umekatika, ujue ekru imezunguka.