Kwa Nini Gobori Lina Mtutu Mrefu: Maelezo Kuhusu Urefu, Kipenyo na Baruti

Sisi tunaofanya kazi ya makumbusho hapa Lamu huulizwa mara nyingi kwa nini bunduki za kale ni ndefu kiasi cha kumfikia mtu kifuani, ilhali za askari wa leo hubebwa begani bila taabu. Jibu linalotolewa barazani ni kwamba mtutu mrefu hupiga mbali na mtutu mfupi hupiga karibu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeacha nje jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni baruti.

Risasi haitupwi na mlipuko wa mara moja. Baruti inapowaka hugeuka gesi, na gesi hiyo huisukuma risasi muda wote inapokuwa ndani ya mtutu, ambao wazee huuita kasiba. Risasi ikishatoka mdomoni, msukumo umekwisha. Kwa hiyo mtutu mrefu huipa gesi nafasi ya kusukuma kwa muda zaidi. Hata hivyo, kadiri risasi inavyosonga mbele ndivyo nafasi iliyo nyuma yake inavyopanuka na shinikizo linavyopungua, hata ikafika mahali ambapo msuguano wa mtutu unaishinda nguvu ya gesi iliyosalia. Katika bunduki ndogo za kaliba (yaani kipenyo cha tundu la mtutu) ya .22 ya inchi, kikomo hicho hufikiwa kwenye urefu wa takriban sentimita 40, na mtutu unaozidi hapo hauongezi kasi ya maana.

Baruti nyeusi iliyoshindiliwa kwa mdeki katika magobori ya karne ya 19, yaani bunduki zilizojazwa baruti na risasi kupitia mdomoni, ilikuwa na udhaifu wake. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi na masizi, na mwenye bunduki, akitaka nguvu zaidi, hakuwa na njia ila kuongeza ukubwa wa risasi na urefu wa mtutu. Gumegume la Kiingereza, yaani bunduki iliyowashwa kwa cheche za jiwe, lililoenea sana zama zile lilikuwa na mtutu wa karibu sentimita 99 na tundu la milimita 19. Urefu ule ulikuwa na manufaa mengine pia: askari wa safu ya nyuma aliweza kufyatua bila kumuunguza mwenzake aliye mbele, na singe ikichomekwa, bunduki iligeuka mkuki.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka 2 baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya milimita 8. Tulinganishe bunduki mbili za Waingereza. Martini-Henry ya mwaka 1871, yenye mtutu wa sentimita 84 na tundu la milimita 11.4, ilirusha risasi ya gramu 31 kwa kasi ya karibu mita 400 kwa sekunde. Lee-Enfield fupi ya Vita Vikuu vya Kwanza ilikuwa na mtutu wa sentimita 64 na tundu la milimita 7.7, na risasi yake ya gramu 11 na kidogo ilitoka kwa mita 744 kwa sekunde. Mtutu ulipunguzwa sentimita 20 na uzito wa risasi ukashuka hadi karibu theluthi, lakini nishati ilipanda kutoka juli 2,500 hivi hadi zaidi ya 3,000, kwa kuwa katika hesabu ya nishati kasi huzidishwa kwa yenyewe, na uzito huingia mara moja tu.

Hapa ndipo urefu na kaliba huwa jambo moja. Risasi nyembamba yenye baruti nyingi nyuma yake huhitaji mtutu mrefu ili baruti ile ifanye kazi yake, na ukikatwa huumia sana. M16 ya Marekani, ya milimita 5.56, ina mtutu wa milimita 508. Nduguye M4, wenye milimita 368, hupoteza takriban mita 50 kwa sekunde. Risasi ya AK-47, iliyo nene zaidi na yenye baruti kidogo, haijali sana: hutoka kwa mita 715 katika mtutu wa milimita 415, na katika RPK, bunduki ya rashasha ya risasi ile ile yenye mtutu wa milimita 590, huongeza mita 30 tu.

Kuhusu shabaha, wengi hukosea. Kinachoituliza risasi hewani ni mifuo ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu, na gumegume halikuwa nayo, ndiyo maana urefu wake haukulisaidia kulenga mbali.

Urefu huo wa mtutu una matumizi mengine kwetu. Gobori la babu linapotolewa darini, lisichezewe wala kusogezwa karibu na moto, maana baruti nyeusi ikikaa pakavu huweza kuwaka hata baada ya miaka mingi. Fundi aliyefunzwa huliweka kijiti cha mbao mtutuni taratibu, hukitia alama mdomoni, kisha hukilaza nje kando ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo; kikiishia kabla ya kufikia tundu la fataki, yaani la kupitishia moto kwenye baruti, basi lina kitu ndani, na huenda limeshindiliwa tangu enzi za mwenyewe.