Je, wajua kwa nini mji mdogo wa Kongwa ulijengewa reli ambayo leo haipo?

Msafiri anayetoka Morogoro kwenda Dodoma hupita Kibaigwa, mji unaojulikana kwa soko lake kubwa la mahindi, na akifika Mbande anaweza kukata kushoto na kushika barabara ya Kongwa na Mpwapwa. Kongwa ni mji mdogo, makao makuu ya wilaya iliyoundwa mwaka 1995 kwa kuigawa Wilaya ya Mpwapwa. Mgeni huona mji wa kawaida wa Ugogo wenye ofisi za halmashauri, maduka, makanisa na misikiti, na mifugo inayopelekwa mnadani, huku milima ikionekana kwa mbali. Hakuna treni inayofika hapo. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1940 zilifika, kwa njia iliyochepuka kutoka stesheni ya Msagali kwenye Reli ya Kati, na katika muongo wa 1960 mji huohuo ukawa makazi ya majeshi ya ukombozi kutoka nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Ni kitu gani kilichowavuta watu hao wote hadi Kongwa?

Jibu linaanzia kwenye ardhi na mvua. Kongwa iko upande wa mashariki wa Ugogo, katika nyanda kame za kati, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Shida yake si uchache peke yake. Mvua inaweza kuanza vizuri, mbegu zikaota, kisha anga likakauka kwa wiki kadhaa katikati ya msimu na mimea ikanyauka kabla mvua haijarudi. Kilimo cha Wagogo kimejengwa juu ya elimu hiyo: uwele na mtama hustahimili ukame kuliko mahindi, mashamba hutawanywa sehemu mbalimbali ili mvua ikiruka moja iangukie jingine, na ng'ombe, mbuzi na kondoo huwa ndiyo akiba ya mwaka mbaya, kwa sababu mnyama huhamishwa kufuata maji lakini shamba halihamishwi. Hata tembe, nyumba yenye paa la bapa lililofunikwa udongo, ni nyumba ya nchi isiyo na mvua nyingi, kwani paa la namna hiyo lisingedumu katika milima ya Usambara.

Nchi hiyo haikuwa pembeni ya dunia hata kabla ya ukoloni. Misafara ya biashara kati ya pwani na Tabora ilipita Ugogo, ikiweka kambi Mpwapwa kabla ya kuvuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, na watemi wa Wagogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, jambo lililokuwa la haki kabisa katika nchi ambayo maji ya kisima kimoja yangeweza kumalizwa kwa siku moja na msafara wa mamia ya wapagazi. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la Church Missionary Society (CMS) walifika Mpwapwa mwaka 1876, na baadaye Kongwa ikawa mahali pa kufundishia walimu na wachungaji. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, kila moja kwa zamu yake, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana baada ya hapo, hakukuwa tena na akiba ya kuwaokoa watu, na njaa kuu iliyofuata, ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliua watu wengi na kuwatawanya wengine.

Mwaka 1946, Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa Company, aliishauri serikali ya Uingereza kulima karanga Afrika Mashariki. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na raia wake walikuwa bado wakipewa chakula kwa mgao. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, uliizunguka nchi kwa muda wa wiki chache, mara nyingi kwa ndege, ukapendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kongwa ilichaguliwa iwe ya kwanza, na sababu zake zilionekana zenye maana mbele ya mtu aliyekuwa na ramani mezani: Reli ya Kati ilikuwa karibu, nchi ilikuwa tambarare, na vichaka vyake vilikuwa na wakazi wachache. Kwa hiyo tawi la reli lilijengwa ili lilete mitambo na kubeba karanga hadi bandarini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Uchache wa watu ulichukuliwa kuwa nafasi iliyokuwa ikisubiri kazi, wakati ulikuwa ni taarifa kamili kuhusu maji. Hapakuwa na kumbukumbu za kutosha za mvua za Kongwa yenyewe, na waliokuwa nazo kichwani, yaani wazee waliopita katika Mtunya na njaa nyingine, hawakuwa sehemu ya ujumbe wa wataalamu.

Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakiwemo yaliyonunuliwa kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya kijeshi aina ya Sherman viligeuzwa kuwa mashine za kulimia. Vichaka vya Kongwa viliyashinda mengi kati ya hayo. Mizizi iliyosukana chini ya ardhi ilivunja majembe, mibuyu ilikataa kung'oka, na nyuki waliokaa katika mashimo ya mibuyu hiyo waliwavamia wafanyakazi. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kupanda ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika 10,000. Wafanyakazi Waafrika nao walikuwa na madai yao: mgomo ulioanza kwa wapakuzi wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947 ulisambaa kufuata reli hadi Kongwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini hata ekari zilizofyekwa hazikuzaa, inafaa kuutazama mmea wenyewe. Karanga huchanua juu ya ardhi, lakini haizai juu ya ardhi. Ua likishachavushwa, kijiti chembamba huchomoza mahali pa ua, huinama na kupenya udongo, kisha ncha yake ndiyo hukua na kuwa ganda lenye punje. Udongo ukiwa laini na wenye unyevu, kazi hiyo ni rahisi. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na jua likiuwakia baada ya mvua hukauka na kuwa mgumu kama tofali. Kijiti hakipenyi, na ganda lililokwisha kukomaa haling'oki bila kukatika na kubaki ardhini. Mashine nzito zilizopita juu ya shamba ziliugandamiza udongo huo zaidi, na chembe za mchanga mgumu zilikula vyuma vya majembe kwa kasi ambayo vipuri havikuweza kuifuata. Kisha ukame wa mwaka 1949 ukakamilisha uharibifu.

Ni muhimu kusema kwamba Dodoma haikuikataa karanga. Wakulima wadogo wa mkoa huo wanailima hadi leo, kwa vipande vidogo, katika udongo waliouchagua wenyewe kwa kuwa ni wa kichanga, wakipanda mvua inaposhika na kung'oa kwa mikono udongo ungali na unyevu. Kilichoshindikana ni kuilima kwa maelfu ya ekari mfululizo bila kujali udongo unabadilika wapi. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na takriban pauni milioni 36 zilifutwa kama hasara. Mashamba mengine mawili ya mradi yalikuwa Urambo, upande wa Tabora, na Nachingwea kusini, ambako bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo.

Kongwa ilibaki na vitu ambavyo mji wa ukubwa wake usingevipata kwa njia nyingine: majengo, barabara za ndani, na eneo kubwa lililofyekwa ambalo sasa lilikuwa likiota nyasi. Nyasi hizo ziliirudisha ardhi kwenye kazi iliyoifaa. Ranchi ya Kongwa, ambayo baadaye ilikuja kuwa chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, ilifuata nyayo za shamba la karanga, na utafiti wa malisho ukaanzishwa hapo. Shule ya watoto wa Kizungu iliyokuwa imefunguliwa wakati wa mradi iliendelea hadi mwaka 1958, kisha wanafunzi wake wakahamishiwa Iringa. Reli haikuwa na mzigo tena, na njia ikaachwa kisha ikaondolewa.

Mji wenye majengo matupu, ulio mbali na mipaka lakini karibu na barabara kuu na Reli ya Kati, ndio uliohitajiwa na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilikuwa imekubali kuwapokea wapiganaji wa nchi zilizokuwa bado chini ya Wareno, makaburu na walowezi wengine wa Kizungu. Walihitaji mahali pa kuishi na kufanyia mazoezi ambapo majasusi na ndege za adui zisingefika kirahisi. Wakapelekwa Kongwa, kwenye mabaki ya mradi wa karanga, karibu na stesheni ya zamani. FRELIMO ya Msumbiji ilitangulia, na Samora Machel, akiwa amerejea kutoka mafunzoni Algeria, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kambi hiyo. ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola zilikuwa na kambi zao pia. Chris Hani aliishi hapo. Wapiganaji wa SWAPO waliokabiliana na majeshi ya Afrika Kusini huko Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku ambayo Namibia huikumbuka kila mwaka, walikuwa wamepitia Kongwa.

Wageni hao hawakuishi ndani ya ukuta. Walichota maji kwenye vyanzo vilevile, walinunua vitu sokoni, walijifunza Kiswahili, wengine walipata wenza na watoto katika mji huo, na waliofariki walizikwa hapo. Zipo familia za Kongwa zenye ndugu Namibia na Afrika Kusini kwa sababu ya miaka hiyo, na kwa maoni yangu undugu huo unastahili kuandikwa kwa makini kuliko hata silaha zilizopita pale, kwa sababu mashahidi wake wanazidi kupungua.

Maji, yaliyoushinda mradi wa karanga, yameendelea kuamua maisha ya wakazi kwa namna ambayo mgeni haioni haraka. Kongwa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana na vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa bakteria unaoambukizwa kwa mikono, nguo na nzi, na ambao ukirudia mara nyingi hupindisha kope hadi zikaikwaruza mboni na kusababisha upofu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walishirikiana na Watanzania kuuchunguza katika vijiji vya wilaya hiyo. Jambo moja waliloligundua ni kwamba umbali wa maji haukueleza kila kitu. Mama aliyechota maji mbali alikuwa na sababu nzito za kuyatunza kwa kupikia na kunywa, na kunawisha watoto kulionekana ni matumizi makubwa, hadi ilipooneshwa mbele ya watu kwamba lita moja hutosha kunawisha nyuso za watoto wengi. Jaribio lililofanywa katika vijiji hivyo, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, lilionesha kwamba watoto waliodumisha uso safi walipungukiwa na trakoma kali, na kunawa uso leo ni sehemu ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza ugonjwa huo, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira.